Nilichomnong'oneza Zainabu Ukumbini

Jumapili, saa tano asubuhi, Mpwapwa. Upepo haujatulia tangu alfajiri na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Leo sijaongea na mtu yeyote.

Niandike ya jana kabla sijaanza kuyapamba.

Tuliwapeleka wanafunzi wa Kidato cha Tatu Dodoma mjini kutazama mchezo wa jukwaani. Safari hii niliihangaikia mimi, mwalimu wao wa Kiswahili, tangu nilipohamia hapa kutoka Songea mwezi wa kwanza. Kila wiki nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule. Nilimwambia watoto wanasoma tamthiliya vitabuni na hawajawahi kumwona mtu mzima akilia jukwaani kwa makusudi. Ni kweli. Ila kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia: nilitaka kukaa mahali penye watu wengi wanaotazama kitu kimoja, na mimi niwe mmoja wao.

Hapa naitwa Madam. Darasani Madam, dukani Madam. Jina langu, Tumaini, nalisikia kwenye simu tu, na simu zenyewe zimepungua.

Mkuu alinipangia kukaa na Zainabu. Ni binti wa Kondoa, yuko bweni, na macho yake yanaona mwanga na vivuli, basi. Anasoma kwa nukta nundu. "Utamsimulia yanayoendelea," mkuu alisema. Niliifurahia kazi hiyo kuliko nilivyoonyesha.

Basi tulilokodi liliondoka alfajiri na baridi yake. Wanafunzi walikuwa wakiimba njia nzima, lakini tulipofika Nzuguni na nyumba zikaanza kusongamana, wasichana walinyamaza wakaanza kupakana mafuta usoni na kunyoosha kola.

Ukumbini tulikuwa shule nne. Mchezo wenyewe ulikuwa wa familia moja: baba anayesema anakwenda kutafuta kazi mbali, mama na watoto watatu wanaobaki. Nilimwinamia Zainabu nikaanza. Sasa baba amekaa. Sasa mama anakunja nguo. Sasa mama ana huzuni. Zainabu aliniegemea kidogo ili asikie, na bega lake likagusa langu.

Sikunyamaza tena.

Nilimweleza kila kitu. Nilimweleza hata wanachofikiri wale waigizaji, kana kwamba waliniambia mimi. Baba alipomshika mama bega, nikanong'ona, "Wanapatana sasa. Atarudi huyu."

Zainabu akageuza uso. "Madam, samahani. Naomba nisikilize mwenyewe."

Alisema kwa adabu kabisa. Ila safu ya nyuma ilisikia, na msichana mmoja akacheka puani. Nikasema, "Haya, sawa." Masikio yaliniwaka moto. Nilikaa wima nikatazama sehemu yote iliyobaki, na sikuwa na wa kumwambia lolote.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilimkasirikia mtoto. Wakati wa kurudi nilimshika mkono hadi kwenye kiti chake, nikamwacha hapo, nikaenda kukaa mbele karibu na dereva. Nilijiambia ni kwa sababu ya joto.

Tulipopita Chamwino wenzake walikuwa wamemzunguka wakibishana kuhusu yule baba. Wengi walisema ni baba mwema, maisha tu yamembana. Nikasikia sauti ya Zainabu, haina haraka:

"Yule alikuwa ameshaondoka tangu mwanzo. Hamkusikia? Akiongea na watoto, sauti inawafikia. Akiongea na mkewe, sauti inakwenda mlangoni."

Halafu mmoja akasema, "Ni kweli, jamani. Alikuwa hamwangalii."

Nami nilikuwa na macho yangu mawili, nimemwambia wanapatana.

Nilikaa na neno hilo hadi Mbande, na kutoka Mbande hadi nyumbani. Nilikumbuka lile bega lililoniegemea. Ukweli ni kwamba nilikuwa sielezi mchezo. Nilikuwa nimepata mtu wa kunisogelea, nikaogopa kwamba nikinyamaza ataondoka.

Tulifika jua likizama. Wenzake walikimbilia bwalo. Zainabu alibaki kwenye ngazi ya basi, mkono juu ya mlango.

"Madam amekasirika," alisema. Hakuwa anauliza.

Nilitaka kukana. "Nilikasirika," nikasema. "Lakini si kwa kosa lako. Nilikueleza vibaya."

Akashuka, nikampa kiwiko changu. Baada ya hatua chache akasema, "Kuna mahali sikupata. Mwishoni kabisa. Walinyamaza wote jukwaani, muda mrefu, halafu ukumbi mzima ukaguna. Kulikuwa na nini?"

Nilisimama ili nikumbuke vizuri. Mara hii nilimwambia nilichokiona, basi. Mama alipanga sahani tano mkekani. Akazitazama. Akachukua moja akairudisha kabatini.

"Polepole au haraka?"

"Polepole."

Tuliendelea hadi mlango wa bwalo. Pale aliniachia kiwiko, akasema asante, usiku mwema Madam, akaingia. Nilisikia wenzake wakimpokea kwa kelele, tayari wamemwekea ugali wake. Nami nikageuka kwenda nyumbani, ambako hakuna aliyejua kama nimerudi au bado niko njiani.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nikimfikiria mdogo wangu, Rehema, aliyebaki Songea. Mwaka jana mumewe alipomwacha, nilikuwa nikimpigia kila siku. Kila siku nilimweleza anavyojisikia na anachopaswa kufanya. Siku moja akaniambia, "Dada, hata kulia unanililia wewe." Nikakata simu. Nimekuwa nikisubiri aniombe radhi kwa miezi yote hii, na kila anayeniuliza habari zake namjibu kwamba Rehema ana kiburi.

Asubuhi hii nimempigia. Imeita hadi ikakatika yenyewe. Pengine yuko kanisani, pengine ameliona jina langu akaiacha iite. Nilianza kuandika ujumbe mrefu wa kujieleza, nikaufuta wote.

Nitapiga tena jioni. Sijui atapokea. Na akipokea, akinyamaza, nitaweza kuuacha ukimya wake uwe wake?