Mgongo wa Mpulizaji

2 Februari

Mdogo wangu,

"Mpulizaji aliyetugeuzia mgongo katikati ya onyesho hana la kutuambia, saksafoni yake inalia kama bawaba kavu." Hayo kayaandika juu yako yule mhakiki wa gazeti la jioni. Hujambo lakini? Kifua je? Sisi wazima, ila mimi nimewaka moto. Nimemjibu ukurasa mzima gazetini kwetu. Nimemwambia: mtu aliyefukuzwa bendi ya hoteli kwa kukataa kupiga jazi ya kuteremshia supu, akakaa miaka chumbani akitafuta sauti mbili ndani ya pumzi moja, mtu huyo akiwageuzia mgongo walaji hajaishiwa. Amewahukumu! Nasikia maneno yangu yanarudiwa mpaka vijiweni. Yule bwana bado anatafuta pa kuficha uso.

Dada yako

20 Februari

Shikamoo dada,

Kifua hakina neno. Wifi yako anakusalimu, anasema umezidi ukali.

Makala yako nimeisoma nikatamani ardhi inimeze. Dada, sikumhukumu mtu. Shavu la kushoto lilikufa ganzi, mate yakanichuruzika mpaka kwenye tai. Niligeuka nijifute kwa mkono wa shati.

Sasa watu wanakuja kuuangalia mgongo. Majuzi nilipiga nikiwatazama, mmoja akapayuka, "Geuka basi, mzee!" Mwenye ukumbi kaweka picha ya mgongo wangu kwenye bango. Mpiga ngoma wangu ananitania: "Kaka, leo tunageuka wimbo wa ngapi? Shati umepiga pasi nyuma?" Nikacheka naye, kisha nikaenda kujifungia chooni.

Daktari kasema nikiacha kupuliza sasa, uso utarudi. Nikiendelea, hana ahadi. Lakini nikimwambia mwenye ukumbi naumwa, ananijibu, "Mbona dada yako kaandika vingine?" Tafadhali andika ukweli. Wewe watakusikia.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Pole sana na hilo shavu. Likande kwa maji ya moto. Wifi naye mpe salamu, mwambie ukali ndio kazi yangu.

Ila unajua unachoniomba? Yule mhakiki atanicheka mpaka nizeeke. Chuo cha muziki wanabishana juu ya makala yangu hivi sasa! Vumilia maonyesho mawili matatu, kisha sema umechoka tu, nani atauliza? Vita hivi si vyangu peke yangu. Ni vya muziki wako.

Dada yako

14 Aprili

Shikamoo dada,

Natumaini nyote hamjambo. Mimi chai nainywa kwa kijiko.

Jumamosi nilipuliza, pumzi yote ikatokea pembeni ya mdomo. Saksafoni haikutoa hata mlio. Nikajaribu tena, na tena. Ukumbi mzima ukasimama kunishangilia. Nyuma ya jukwaa mpiga ngoma akaniuliza, "Kaka, mbona wanashangilia, na wewe ulikuwa unajaribu kupiga ukashindwa?" Safari hii hakuwa akitania.

Mwezi ujao nimeshatangazwa tena. Sitakuomba mara ya pili.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina uso wa kukuuliza hali. Haya yanatoka gazetini kesho, nimetaka uyasome wewe kwanza.

"Mhakiki wa gazeti la jioni aliandika juu ya onyesho aliloliona. Mimi nilimjibu bila kukanyaga ukumbini. Nilitaka kumpiga mtu, nikamwokota ndugu yangu nikamfanya rungu. Aligeuka kwa sababu anaumwa. Aliniambia mwenyewe, akaniomba niseme, nami nikanyamaza nisije nikachekwa. Haya, nichekeni. Zile sauti mbili katika pumzi moja alizipata kweli, na hazikuhitaji uongo wangu hata chembe. Zinahitaji mdomo.

Mwenye ukumbi, bandua lile bango leo. Wenzake wa bendi, msifungue vyombo vyenu. Nanyi mliokwisha kukata tiketi za mwezi ujao, bakini majumbani. Akija mwenyewe, kwa kuona haya kuwaangusha, mfungieni mlango."

Dada yako