Kidole Gumba Ukingoni mwa Ukurasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa! Mimi ni msimamizi wa jukwaa la mtandaoni la mafundi cherehani. Wa kujitolea, tena kwa majaribio — lakini msimamizi. Kule ndani hatujuani. Mimi naitwa Pindo. Pindo likishonwa vizuri halionekani, na kutoonekana ndiyo kazi ninayoiweza.

Mkuu wetu amenitumia kanuni. Machapisho yanakuja moja moja, jina la mwenyewe limefichwa kwetu wasimamizi, ili tusimpendelee mtu. Ukurasa wa kitabu cha mwingine unaruhusiwa kama aliyeuweka ameuzungumzia: ameukosoa, ameusahihisha, ameupinga. Ukurasa mtupu, futa. Kanuni nzuri. Laiti shule ingekuwa hivi, mtu anajibu bila kusimama.

Mama anadhani natafuta kazi kwenye simu. Sijamwambia. Ningeanzia wapi?

Jumatano, 5 Machi

Kazi imepamba moto. Nimefuta gauni la harusi ambalo watu watatu tofauti wanadai wamelishona wao.

Kuna kurasa za kitabu cha kukata nguo zinakuja mfululizo. Anayezileta ana mdomo! Chini ya mchoro wa blauzi ameandika kwamba mkono unabana kwapani, sijui mwandishi amewahi kuinua mkono. Chini ya kola: hii ni ya mtu asiye na shingo. Nimecheka peke yangu kama chizi. Maoni yapo, kwa hiyo nimeziruhusu zote. Mkuu ameandika: Safi.

Mama naye leo anaimba kwenye cherehani. Tangu wafungue duka la nguo za tayari ng'ambo ya barabara alikuwa haimbi. Anasema siku hizi wateja wanamfuata kwa simu. Nikamuuliza wanampataje. Akasema, mambo ya watu wazima.

Ijumaa, 7 Machi

Malalamiko. Yametoka kwa mwandishi wa kile kitabu, mwalimu wa ushonaji aliyestaafu. Hakutukana, afadhali angetukana. Ameandika: "Mnaniambia kila ukurasa uko halali. Sawa. Basi nionyesheni ambao haujawekwa."

Haupo. Kitabu kizima kiko kwetu, jalada hadi jalada, na nusu yake nimeipitisha mimi. Ukurasa mmoja mmoja, bila kosa hata moja. Anasema ndicho kitabu pekee alichowahi kuandika, na wanafunzi wake wameacha kukinunua.

Mkuu amezikusanya kurasa zote pamoja, akanitumia niamue. Nikazitazama kwa mpangilio. Ukingoni mwa kila ukurasa kuna kidole gumba kimeukandamiza usijikunje. Ukucha wake umeungua upande mmoja. Kwa pasi, mwezi uliopita. Niliyekifunga kitambaa ni mimi.

Sikula.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefuta. Kurasa tu. Maoni nimeyaacha, na picha za nguo alizoshona kwa kufuata kitabu nimeziacha pia, hizo ni zake. Nikaandika sababu kwa adabu: Mpendwa mwanachama. Mama yangu mzazi, mwanachama!

Mezani akasema kuna kiumbe kinaitwa Pindo kimemharibia kazi, na aliyekizaa ana hasara. Nikaomba chumvi.

Baadaye nikajikaza. Nikasema labda mwandishi anaumia. Mama akasema kitabu amekinunua kwa pesa yake, hakukiokota. Nikasema amenunua nakala moja, hakununua ruhusa ya kuwagawia watu wote. Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Umeyajua lini hayo? Nikasema shuleni. Hatukufundishwa.

"Sasa mwanangu, maoni bila ukurasa ni nini?" akasema. "Ni kugombana na mtu ambaye ameshatoka chumbani."

Nikaenda kulala na maneno hayo kichwani.

Jumapili, 9 Machi

Wateja wanampigia wakiuliza kurasa zimekwenda wapi. Mmoja ameahirisha sare za kwaya. Mama hakuimba.

Baada ya chakula akaniita nimwandikie rufaa, kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno ya shule. Akatamka, nikaandika. Matusi nikayatoa. Ile hoja ya chumbani nikaiweka mwanzoni kabisa. Rufaa imetoka nzuri mno, hata mimi imenitikisa. Nikamtumia kwa simu yake.

Sasa kanuni ya rufaa: msimamizi aliyefuta asipojibu leo, kurasa zinarudi. Basi. Sihitaji kufanya lolote. Nikae tu kimya, jambo ambalo nimelifanya maisha yangu yote. Wateja watarudi, Mama ataimba. Na yule mwalimu ataamka kesho akikute kitabu chake kizima, na maneno yaliyokirudisha yamepangwa na mimi.

Mama amevuta kiti, amekaa ubavuni mwangu. Anadhani naandika nakala ya rufaa.

"Hatajibu huyo," anasema. "Watu wa kujificha hawana cha kusema."

Nikamwambia atajibu.

Akauliza nimejuaje.

Nimeichukua simu yangu. Nimeingia kama Pindo, jina liko juu kabisa, kwa herufi kubwa. Sijaigeuza pembeni asiione. Mama anatafuta miwani.