Neno la Mzee na Arobaini ya Mama

Jumapili, 7 Februari 2016
Uji wa mzee, vidonge vitano, dawa ya macho. Madam kazini. Kisha kusoma. Macho ya mzee, baba yake Madam, hayaoni tena maandishi, basi namsomea mashairi ya kale ya kwao Uskoti, nusu yake siyaelewi. Anaandika makala juu ya neno moja tu: *thole*. Kubeba mateso bila kuanguka. Akaniuliza kwa Kiswahili tunasemaje. Nikasema subira. Nikaliandika kwenye karatasi zake.

Nimechoka. Mama amezikwa Malindi mwezi uliopita bila mimi. Madam alisema nisubiri arobaini. Ni tarehe ishirini. Tende za hitma nimeshanunua sokoni Deira, huku ugenini, maboksi mawili, yako chini ya kitanda.

Jumatano, 10 Februari
Leo mzee ameeleza sana. Katika mashairi yale, shujaa anabeba jeraha, mke anabeba miaka ya mume asiyerudi, mchungaji anabeba baridi. Neno ni lile lile. Hakuna anayelipwa kwa kubeba kwake, akasema, na ndiyo sababu washairi walilipenda.

Nimelifikiria hadi jikoni. Nimeunguza mchele.

Alhamisi, 11 Februari
Madam ana safari ya kikazi. Hakuna wa kukaa na baba yake. Likizo yangu imesogezwa hadi Aprili. Mara ya pili hii.

Nikasema sawa Madam. Nikamchemshia na chai. Nimejichukia.

Kaka Athumani kapiga simu. Subiri, dada, subira yavuta heri. Nikamkatia.

Jumamosi, 13 Februari
Mzee kasema leo nasoma kama lori linalopanda mlima. Basi nikamwambia yote, mazishi, arobaini, Aprili. Hakujua. Binti yake hamwambii kitu.

Akaniambia matumizi mengine ya neno lake, ya mahakamani. Kwao, mtu aliyekwisha kubeba kesi yake hadi hukumu harudishwi kizimbani kwa jambo lile lile. Amekwisha ku-*thole*. Akasema, wewe mazishi ulishayabeba.

Nami nikamwambia nilimpa neno baya. Subira ina heri mbele yake, ndivyo tulivyolelewa. Neno lenu halina kitu mbele. Akanipa kalamu nifute mwenyewe. Nikaandika kustahimili.

Jumatatu, 15 Februari
Nimemwambia Madam.
"Madam, mazishi nilikosa. Arobaini sikosi."
Akanitazama kama aliyesikia jokofu likizungumza. Akanikumbusha viza yangu iko kwa nani. Mzee akaita kutoka chumbani kwake kwamba aletwe mtu wa wakala wa wafanyakazi kwa wiki mbili, la sivyo atakunywa chai baridi na kufa kwa ukaidi. Wakagombana mlango ukiwa wazi. Nilikuwa nakuna nazi, sikuacha.

Naogopa. Sijutii.

Jumanne, 16 Februari
Pasi yangu ya kusafiria bado iko kabatini kwa Madam. Nimepanga nguo kwenye sanduku, nimezipangua, nimezipanga tena.

Jumatano, 17 Februari
Pasi na tiketi nimezikuta mezani asubuhi, chini ya kopo la sukari. Kwenda na kurudi. Madam alikuwa ameshatoka. Nimekaa chini jikoni nikalia hadi maziwa yakafurika.

Alhamisi, 18 Februari
Naruka jioni. Nimeandika majina ya dawa kwa herufi kubwa kwa ajili ya huyo dada wa wakala. Mzee hapendi wageni, hajui hata sauti yake itakuwaje. Nimemsomea ukurasa wa mwisho polepole.

Akaniuliza hizi wiki mbili atakazoningoja, kwa Kiswahili ni neno lipi, lile nililofuta au lile nililoandika.

Nikamwambia, lile nililofuta, Sir.

Akaitikia kwa kichwa, akaomba chai. Nikampa, kisha nikaenda kuanua nguo.