Mama Yetu Lois, Leso Yako Imerudi

Mama, mwaka mzima umepita tangu ile asubuhi ya theluji ulipotutoka, na bado hatujazoea. Baba hukutengea kikombe cha chai, halafu hukirudisha kabatini.

Uliuguza wagonjwa hapa Saint Paul, Marekani, mpaka miguu ikavimba. Uli-drive polepole hadi watu wakakupigia honi kutoka Roseville mpaka kanisani, nawe ukawapungia mkono kana kwamba wanakusalimu. Na kila nyumba uliyoingia, ulitandika leso kabla ya kukaa. Wenyeji walinuna, wakidhani unaona sofa zao chafu.

Siku moja mezani ukatuambia sababu. Ulipomzaa Maureen kule Meru, uchungu ulikukalia siku nyingi, kibofu kikatoboka, ukawa unavuja mkojo usiku na mchana. Kanisani ulikaa mlangoni, utoke kabla watu hawajanusa. Madaktari wa upasuaji walikushona, ukakauka. Leso tu ndiyo hukuiacha.

Ndiyo maana ulipomwona Chepkemoi, mgeni kutoka nyumbani, amekaa mlangoni mwa kanisa letu hapa na koti refu wakati wa joto, ulijua. Ukampa leso yako.

"Mdogo wangu, hata mimi nilikuwa hivyo," ukamwambia. "Inashoneka."

Aliogopa kisu, na zaidi aliogopa watu kujua. Ulimpigia simu kila jioni, ukamwahidi kumshika mkono mpaka chumba cha upasuaji. Kisha ukaondoka kabla ya siku yake, naye akakataa kwenda. Hilo lilituuma sana, Mama.

Maureen akaendelea kumpigia. Wakaongea mapishi, wakaongea baridi, wakalia pamoja kwa ajili yako. Theluji ilipoyeyuka, Chepkemoi alikubali, na Maureen akamshika mkono mahali pako.

Jumapili iliyopita alikaa benchi la mbele. Baada ya ibada alitukabidhi leso, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Kwenye kumbukumbu ya Mama, andikeni jina langu," alisema. "Nimechoka kujificha."

Baba aliinusa ile leso. Ilinukia sabuni, haikunukia wewe. Akalia mbele za watu, kisha akaikunja akamrudishia.

"Kaa nayo, mwanangu. Kuna mwingine atakuja kukaa pale mlangoni."

Unakumbukwa na mumeo Timothy, wanao Maureen na Eric, dada yako Valentina wa Columbia Heights, na Chepkemoi. Siku zote u mioyoni mwetu, Mama.