Mama Aliyemjua Bata Wetu

Kagarama, 14/11/1994

Baba Ishimwe,

Chai iko kwenye chupa. Bata bukini yuko ndani ya karai, nyuma ya mlango wa jikoni. Usimtoe mpaka jioni, na umpe yale maganda ya mayai niliyosaga.

Asubuhi nilimkuta amejikunyata anasukuma, yai halitoki. Nilidhani kalishwa sumu, maana tangu tuingie nyumba hii Septemba siamini hata salamu za majirani. Mara mama mmoja nisiyemjua akaniita kutoka nje ya ua: "Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu, umpake mafuta pale yai linapotokea. Usilivunje, atakufa." Nikafanya hivyo. Baada ya saa nzima likatoka, ganda laini kama ngozi.

"Anakosa chokaa," akasema. "Hata mwaka jana alikuwa hivi hivi."

Mwaka jana, Baba Ishimwe! Sisi tulikuwa bado Bujumbura, na bata huyu tulimkuta humu humu. Nikamuuliza anakaa wapi. Akatazama dirisha la chumba chetu, akaondoka zake.

~~Akirudi usimfungulie.~~ Hapana. Mfungulie, umpe kiti, lakini usimwache peke yake.

Wewe uliniapia kwamba wenye nyumba hii wamekufa wote kwenye mauaji. Nani alikuambia? Au hukuuliza?

Nakwenda kupanda gari la Kabuga, kuona kama kile chumba cha kupanga cha dada Daphrose bado kiko wazi, tukilazimika kuhama. Jioni nataka jibu, na usiniletee hasira.

Mama Ishimwe