Mwambie Mama Neema Atumie Maji Baridi

Jumamosi, Agosti 2012. Upepo tangu asubuhi, jua kali lisilo na joto. Siku nzuri ya kuanika.

Kuna jambo sijawahi kuliandika, wala kumwambia Baba kwenye simu: chupi za mama yangu nazifua mimi.

Nimeliandika. Na sijalifuta.

Kwa asiyetujua, sisi ni watu wa Uvira, wakimbizi, tunakaa chumba kimoja na nusu huku Point, mtaa wa bandarini, ghorofa ya nne, bafu ni la pamoja koridoni. Baba anafanya kazi ya ulinzi Johannesburg, anarudi mwisho wa mwezi. Mama hana binti. Ana mimi tu, Josué, miaka kumi na sita, ninayeona haya hata jina langu likiitwa darasani. Na kwetu mtoto wa kiume hagusi nguo za ndani za mama yake. Hata kwenye kamba, Mama huzianika chini ya pagne, kitenge chake, ili tusizione. Nimekua miaka yote hii bila kujua rangi zake.

Mwezi uliopita walimfanyia operesheni ya kuondoa uvimbe kwenye kizazi. Alirudi na mshono tumboni na masharti: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asikamue nguo. Mashuka na magauni nilifua mimi, hakuna aliyeshangaa. Zile nyingine, Mama Neema wa chumba cha mwisho, Mrundi anayesuka nywele saluni, alisema atazifua yeye. Kila asubuhi kabla ya shule Mama alinipa mfuko mweusi uliofungwa mafundo mawili.

"Peleka kwa Mama Neema, papa. Usifungue." Papa ni mimi, kwetu mtoto wa kiume huitwa hivyo kwa mapenzi.

Haikuchukua siku nyingi, saluni ikamhamishia Mama Neema tawi la Queensburgh. Akawa anatoka alfajiri. Niligonga, kimya. Nikasimama koridoni na ule mfuko nikiwaza: nikirudi nao, Mama atashuka kitandani afue mwenyewe. Nilishamkuta mara moja ameshika beseni, jasho linamtoka, uso umebadilika rangi. Basi nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikafungulia bomba lipige kelele, nikafungua fundo.

Nilifumba macho. Lakini huwezi kufua umefumba macho.

Kulikuwa na damu, nyingi kuliko nilivyodhani mtu anaweza kutokwa nayo na bado akakuuliza kama umekula. Woga ukanifanya nifungue maji ya moto, maana nilijua maji ya moto ndiyo dawa ya kila uchafu. Damu ikaiva. Doa likageuka kahawia, likakaa ndani ya nyuzi kama chai. Nikaona dirishani chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, mtu ameiacha, nikamwaga. Lesi yote ikawa ya njano.

Nilipompelekea Mama zimekauka, aliigeuza ile nguo huku na huku chini ya shuka, akidhani sioni.

"Mama Neema ameipika hii?"

Nikaokota mfuko mtupu, nikaukunja.

"Mwambie atumie maji baridi. Baridi kabisa, na chumvi. Aloweke kwanza. Lakini mwambie kwa upole, asiudhike, anatusaidia."

"Nitamwambia."

Kesho yake akauliza, "Ulimwambia?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

"Alisema asante."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kufua. Kila siku kulikuwa na ujumbe wa kumpelekea Mama Neema. Asisugue lesi kwa lesi, apake sabuni ya mche ya kijani kwenye doa, apapase kwa kidole. Asisokote, abonyeze ndani ya taulo. Asuuze mpaka povu liishe, sabuni ikibaki inawasha. Niliyasikia yote nimeinama nafunga viatu vya shule, na Mama Neema akawa anaendelea vizuri sana. "Sasa ameshika," Mama akasema. "Iko na mkono mwepesi." Siku hiyo nilikwenda shule natembea kama nimeshinda kitu.

Lakini anayefua anaona mengine pia.

Mama alimwambia kila mtu kwamba iko bien, mzima kabisa. Alimwambia Baba, alimwambia mchungaji, aliniambia mimi. Mimi nikawa nauliza beseni. Nyekundu, halafu kahawia, halafu kidoa kama kutu. Kila asubuhi nilivuta pumzi kabla ya kufungua mfuko. Doa likiwa dogo kuliko la jana, hata hesabu zilikuwa rahisi.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilifungua nikakuta nyekundu tena. Mbichi. Imepita nguo zote tatu alizoziviringisha pamoja.

Niligeuza ndoo, nikaikalia. Mama Neema wa kweli angeona vile angekimbia kwenda kumsemesha. Lakini Mama Neema wa kweli hakujua kitu, kwa sababu kanisani nilimdanganya kwamba Mama sasa anafua mwenyewe. Zaidi ya Mama, mtu pekee aliyeijua ile damu nilikuwa mimi. Na nikisema naijua, nimesema yote.

Sikuogopa kupigwa. Niliogopa asiweze kunitazama tena. Na niliogopa kitu kibaya zaidi: kwamba akishajua, hatanipa tena ule mfuko, ataficha, na mimi sitajua kama anapona au anakufa.

Sijui nilikaa juu ya ile ndoo muda gani. Mtu aligonga mlango mara mbili akitaka kuoga.

Nilirudi chumbani na mikono bado ina maji.

"Mama, damu imerudi."

"Nani amekuambia?"

"Nimeona."

"Mama Neema amekuonyesha?" Sauti yake ilipanda. "Anaonyesha mtoto vitu hivyo?"

"Mama Neema anafanya kazi Queensburgh siku hizi. Anayefua ni mimi."

Akavuta shuka hadi shingoni kana kwamba ameingia mtu mgeni. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu. Chini, kwenye robot, zile taa za barabarani, taxi zilikuwa zinapiga honi moja baada ya nyingine.

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya njano."

"Ile ya njano ni wewe."

"Ni mimi."

Nikasikia pumzi yake inakatikakatika, nikajua analia. Nikainua macho. Alikuwa amekumbatia mto, ameukaza kwenye mshono kwa mikono miwili, anacheka huku anaumia.

"Usinichekeshe, papa, nitapasuka. Eti alisema asante."

Halafu kicheko kikaisha na nikaona alivyopauka. "Imerudi tangu jana," akasema. "Nilikuwa nangoja umalize mitihani yako."

Sikwenda shule. Nilimshika mkono ngazi zote, tukapanda taxi hadi kliniki. Muuguzi akaanza kumuuliza kwa Kiingereza: damu ni ya rangi gani, kiasi gani, ilipungua lini, imerudi vipi. Mama ana Kiswahili na Kifaransa. Mimi ndiye mdomo wake tangu tufike nchi hii, dukani, shuleni, kwenye karatasi za ukimbizi. Lakini hayo si maneno ambayo mtoto anamtafsiria mama yake. Nilikwama kwenye swali la kwanza. Masikio yaliwaka moto.

Mama akanigusa kiwiko. "Mwambie wewe. Wewe ndiye unajua."

Nikamwambia. Rangi ya wiki ya kwanza, ya wiki ya pili, kile kidoa cha kutu, na ya asubuhi ile. Muuguzi aliandika bila kucheka. Kisha akauliza kama mama amenyanyua kitu kizito. Nikatafsiri, nikamtazama Mama nikingoja jibu. Mama akatazama ukuta.

"Ndoo," akasema. "Ya kupigia deki. Moja tu."

Nilitamani kumgombeza hapo hapo kwa Kiswahili, muuguzi asielewe. Nikatafsiri tu: ndoo.

Daktari alisema kidonda cha ndani kimechubuka na kimeanza kupata uambukizo. Akampa vidonge, akamwamuru alale, arudi Jumatatu. "Umemleta mapema," akaniambia, bila hata kuinua macho kutoka kwenye faili.

Mapema.

Nimelirudia hilo neno wiki nzima. Kama ningelikalia jambo langu pamoja na ile ndoo siku mbili tatu zaidi, angeniambia neno jingine.

Jumatatu daktari aliridhika. Tangu hapo Mama ananipa nguo zake mkononi, akiwa ametazama pembeni, na mimi nazipokea nimetazama pembeni. Haya yetu haijaisha. Lakini sasa ananifuata kwa sauti mpaka koridoni: "Baridi, Josué." Nami najibu, "Najua, Mama."

Leo niliziloweka, nikachuchumaa kusubiri. Maji yalibaki kama yalivyotoka bombani. Nikasubiri tena, nikazigeuza, nikainua beseni kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna kitu. Nilibaki pale nayatazama maji matupu mpaka miguu ikafa ganzi.

Juu ya paa, jengo zima linakoanika, nilimkuta Mama Neema anaanika za kwake, leo hana zamu. Nilitaka kurudi chini. Akaniwahi.

"Karibu, mwenzangu wa kazi. Mama yako amenipigia simu. Ameniomba msamaha kwa kunisema sana juu ya chupi ambazo sikuzipika."

"Nisamehe, Mama Neema. Na ile ya kanisani pia nilikudanganya."

"Mimi nilikuwa nafua vizuri kumbe. Nasema asante na sijui." Alikuwa anacheka kwa mabega. "Sasa wasichana wa hili jengo nitawaambia, yule kimya wa ghorofa ya nne, msimwache."

"Usiwaambie, tafadhali."

"Eish, nitawaambia tu." Akachukua kibanio mdomoni mwake, akanisaidia kutandaza pagne juu ya kamba, upepo ukiing'ang'ania. Akaikunja pembe moja. "Acha hapa wazi kidogo, jua liingie. Jua ndilo linamaliza kazi."

Nikaacha wazi kidogo. Hakuna aliyetazama. Au labda walitazama.

Nimeshuka, nikafungua hii kompyuta mbovu ya Baba. Siku zote nikisikia mtu anakuja naifunga haraka na kuvuta daftari la hesabu. Hata Mama hajui kwamba naandika.

Alikwenda bafuni peke yake, sasa anarudi. Namsikia. Sandali zake hazikokoti, wala hazisimami katikati ya koridoni ili ashike ukuta. Zinakuja tu, tap tap, kama za mtu aliyesahau kitu jikoni. Atasimama nyuma ya bega langu, atasoma, atasema nimeweka maneno haya mbele ya watu bila aibu. Na aseme.

Ameshika kitasa. Kompyuta siifungi.