Dagaa wa Mama na Ndege ya Shelisheli

Mpendwa mshauri, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Buzebazeba, Kigoma, na nimeandika kwa sababu kusema siwezi. Nimeshinda shindano la insha, zawadi yake ni wiki moja Shelisheli katika nyumba ya wenyeji, na tangu siku hiyo kila mapumziko nafungua atlasi ya maktaba, naviangalia vile visiwa vidogo kama punje za ulezi katikati ya bluu tupu, nawaza kwamba nitaviona kutoka juu ya mawingu, mimi niliyezoea ziwa ambalo ukiinua macho unaona milima ya Kongo, nitasimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo! Tatizo ni dagaa. Mama anauza dagaa soko la Kibirizi, na kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, kwa hiyo alichagua walio bora, akawaanika upya siku mbili akifukuza kunguru mwenyewe, wakajaa mfuko. Mimi nikaona aibu ya ile harufu mbele ya abiria, nikamdanganya kwamba ndege haipokei dagaa. Mama akaufunga ule mfuko, akasema, "Ndege inayokataa dagaa wangu itambeba vipi mwanangu?" Mpaka leo hajasaini barua ya ridhaa, na inatakiwa Ijumaa. Nifanyeje?

Winfrida

Marahaba, Winfrida, na hongera. Umenifanya na mimi nifungue atlasi yangu.

Sasa nikugombeze. Unaonea aibu dagaa waliokununulia daftari ulilojifunzia kuandika? Mama yako anaogopa, ndiyo maana hasaini. Maji anayoyajua yana ng'ambo. Wewe unakwenda asikoweza hata kukuwazia, na dagaa ndio msindikizaji pekee ambaye mama aliweza kukupa. Ukamkataa.

Leo, kabla ya chakula, mwambie: "Mama, nilidanganya, niliona aibu." Usizunguke. Kesho nendeni wote wawili kwa mwalimu wako, mlipigie simu shirika la ndege na waandaaji wa shindano, maana nchi nyingine ni kali kwa vyakula vinavyoingia. Wakiruhusu, dagaa wafungwe kwenye mifuko miwili, waingie kwenye begi kubwa. Wakikataa, mama alisikie jibu kwa sikio lake, siyo kwako tena, na zawadi nyingine achague yeye.

Mkiwa hapo shuleni, omba ile atlasi. Shika kidole cha mama, kiweke Kigoma, kivute polepole mpaka kwenye punje zako za ulezi, halafu kirudishe nyumbani. Akishaiona njia ya kurudi, ndipo umpe kalamu.